Keherwa: mkono wa kushoto ndio unaokupoteza

Lalamiko tunalolipokea mara nyingi kutoka kwa wanafunzi wapya wa dholaki na tabla, ngoma za Kihindi, ni hili: "Mwalimu, nyumbani napiga keherwa vizuri, lakini bhajani (wimbo wa ibada wa Kihindu) ikichangamka hekaluni napotea." Wengi hudhani ni uzito wa vidole, wakaomba mazoezi ya kasi. Tukiwasikiliza kidogo tunakuta mkono wa kulia hauna neno. Wa kushoto ndio unaopiga pale unapotakiwa kunyamaza.

Keherwa ni mzunguko wa mapigo 8, manne kwa manne, na ndio unaobeba bhajani nyingi za kaskazini mwa India, pamoja na nyimbo za kienyeji na za filamu. Hutamkwa hivi:

Dha Ge Na Ti | Na Ka Dhi Na

Dha ya kwanza ni sam, mahali mpigaji na mwimbaji wanapokutana, na hapo unapiga kofi. Pigo la 5 ni khali, yaani pigo tupu, hulipigii kofi, unapunga mkono tu. Sasa fuatilia besi, yaani sauti nzito ya ngozi ya kushoto. Dha ni mikono miwili kwa pamoja. Ge ni kushoto peke yake, ngozi ikiachwa ivume. Kisha kulia kunabaki peke yake: Na, Ti, halafu Na ya khali. Ka inarudi kushoto, lakini kiganja kinalala juu ya ngozi na kuifunga, kwa hiyo hakuna mvumo. Mvumo unarudi kwenye Dhi, pigo la 7, na mwimbaji akiusikia anajua sam imekaribia.

Mwanafunzi mwenye haraka haoni tofauti hiyo: Ka yake inageuka Ge. Besi inajaa kila mahali, nusu ya pili inafanana na ya kwanza, mwenye harmoniamu hajui aingie wapi, na wapiga manjira, yaani matoazi madogo, wanaanza kukimbia. Hapo vidole vyepesi havisaidii kitu.

Ndiyo maana darasa letu hapa Dar es Salaam halianzi na ngoma. Unaanza kwa mdomo na viganja, ukitamka mapigo polepole, kofi kwenye 1, kupunga kwenye 5, mpaka uweze kuimba ubeti huku mikono ikiendelea yenyewe. Wazazi wengine huuliza kwa nini wamelipia ngoma na mtoto anapiga makofi. Tunawaelewa, ila utaratibu huu hatuubadilishi, kwa sababu anayeuruka, bhajani ya kwanza yenye kasi humrudisha nyuma. Ukishika ngoma, unapiga kushoto peke yake kwanza, Ge na Ka kwa kupokezana, hadi mtu aliyefumba macho azitofautishe. Madoido ya laggi, yaani mapigo ya haraka ya kupamba mzunguko, yanasubiri mpaka mzunguko usimame imara.

Kuhusu kununua, usikimbilie. Kwa bhajani za nyumbani tunashauri dholaki, maana ni rahisi kubeba na haihitaji matunzo mengi kama tabla. Ngozi yake ya kushoto imepakwa masala (mchanganyiko mzito wa kunata, si viungo vya chakula) kwa ndani ili sauti iwe nzito, kwa hiyo usiilowanishe wala usiiache ndani ya gari lililofungwa juani. Unyevu wa pwani hulegeza ngozi: dholaki ya kamba inakazwa kwa pete zake, ya skrubu kwa spana, na kila upande kidogo kidogo kwa kuzunguka. Ikichanika tunawamba upya.

Waimbaji wa taarabu nao karibuni. Tabla imo katika taarabu ya Mombasa tangu zamani, na aliyezoea nyimbo za marehemu Juma Bhalo, zilizofuata lahani za Kihindi, huwa sikio lake liko nusu ya safari.

Ukija siku ya kwanza, beba rekodi ya bhajani unayotaka kuisindikiza. Tutafundishia hiyo hiyo, maana keherwa ya wimbo wa taratibu na ile ya kirtani (uimbaji wa ibada wa kuitikiana) inayopanda kasi hazipigwi kwa uzito mmoja.