Barua ya wazi: Namba ya bluu kwenye ukuta wangu

Kwako Mheshimiwa unayesimamia mipango miji hapa kwetu,

Salamu na heshima zote. Natumaini u mzima, na kazi ya kutupangia mji inaendelea vizuri.

Mimi ni mkazi wa Olmoti, Arusha, jirani na uwanja mpya wa mpira wa AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika. Jumanne walipita vijana na kopo la rangi, wakaandika namba kwenye ukuta wangu na za majirani, wakaondoka. Hawakuja na mjumbe wala barua. Nilipouliza, mmoja akanijibu, "Mama, sisi tumetumwa tu." Rangi yenyewe ni bluu. Alama za X zinazochorwa kwenye nyumba za kando ya barabara tunazijua, Mheshimiwa. Tangu Sheria ya Barabara ya 2007 ipanue hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, nyekundu ni ya kuondoka bila kitu, kijani ni ya kusubiri fidia. Bluu tufundishe wewe.

Uwanja siupingi. Septemba 2023, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilipozipa Tanzania, Kenya na Uganda AFCON ya 2027, hata sisi tusiojua kuotea ni nini tulipiga vigelegele. Uwanja wa watu 30,000! Watakula, watalala, watapanda bodaboda. Ndiyo maana nilikopa kwenye kikoba nikaanza vyumba vinne vya kupangisha. Nimefika kwenye lenta. Kwenda kuomba kibali cha ujenzi, nikaambiwa nisubiri, eneo linapangwa upya na matumizi ya ardhi yatabadilika. Yatabadilika kuwa nini? Nitajulishwa. Basi nimekaa najulishwa na mvua: saruji imeganda stoo, tofali zimeota ukungu, na marejesho ya kikoba hayajapangwa upya hata kidogo. Tangu namba iandikwe, fundi cherehani niliyempangisha chumba cha mbele anatafuta kwingine. Simlaumu.

Ila mtaa huu huu kuna ghorofa linapanda, zege linamwagwa mpaka usiku. Labda mwenyewe ana kibali halali, sisemi hana. Nauliza tu kama kupangwa upya kunaruka baadhi ya viwanja. Madalali nao wamejaa, kila mmoja ananihimiza niuze sasa kabla sijatolewa bure. Ushahidi sina, lakini nahisi kuna watu wameshauona mchoro ambao sisi hatujauona. La sivyo dalali amejuaje barabara itapita wapi?

Ulipokuja kwenye mkutano wa hadhara ulituahidi hakitafanyika kitu bila sisi kushirikishwa. Tukakupigia makofi, wazee wakakuvisha lubega. Naamini bado unayo. Na kushirikishwa si hisani yako, kumo kwenye Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inataka fidia kamili, ya haki na ya wakati. Kanuni zake za 2001 zinahesabu mpaka posho ya makazi, kodi ya miezi 36. Kama tunaondoka, tuleteeni mthamini, msituletee mwenye kopo. Kama tunabaki, nipeni kibali niezeke.

Ninachoomba ni mchoro. Ubandikwe ofisi ya mtaa, wenye kila kiwanja na matumizi yake: makazi, biashara, hoteli, maegesho, barabara. Sitaki semina, sitaki kamati, na posho ya kikao gaweni wenyewe. Mchoro tu, wenye muhuri. Hata ukiwa rasimu, bandikeni. Hata kama kiwanja changu kimechorwa choo cha mashabiki, bandikeni nione, nijue nahangaikia nini. Kama shida ni gundi, ninayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Olmoti, Arusha