Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Tuanze na Njia ya Kutokea Mvuke

Ndugu wanachama,

Mwaka huu hoja moja ilitawala karibu vikao vyetu vyote vya kiufundi hapa Dar es Salaam. Baadhi yenu mlitaka boila ya injini yetu ndogo ya mvuke ya majaribio, ile ya reli yenye upana wa milimita 184, ipandishwe presha kutoka baa 7 (baa ni kipimo cha presha) hadi baa 10 ili injini ivute mzigo mkubwa zaidi. Kamati ilikataa. Mna haki ya kuelezwa sababu, na kujua kazi iliyopangwa badala yake. Hesabu za fedha na ada atazisoma mhazini.

Sababu ya kwanza ni usalama, na haina mjadala. Mkazo kwenye bati la boila hupanda sawia na presha, kwa hiyo kutoka baa 7 kwenda baa 10 ni kulitwisha bati lilelile asilimia 43 zaidi. Boila iliyopigiwa hesabu ya baa 7 ni boila ya baa 7, hata kama imefanya kazi miaka mingi bila kuvuja.

Sababu ya pili ndiyo inayohitaji maelezo. Mara nyingi injini ya mvuke inapokosa nguvu, kosa haliko kwenye presha ya boila. Mvuke unakabwa njiani ukiingia kwenye silinda, na unakabwa tena ukitoka. Chukueni mfano wa daraja la 59 la Reli za Afrika Mashariki, zile Garratt 34 (injini ndefu yenye boila moja juu ya mafungu mawili ya magurudumu) zilizoundwa na Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950. Kila moja ilikuwa na tani 252 juu ya ekseli 14, na silinda nne zenye kipenyo cha takribani milimita 520. Uso wa pistoni ya kipenyo hicho una kama sentimita za mraba 2,120. Mvuke uliokwisha kufanya kazi ukibaki ndani na presha ya nusu baa tu wakati pistoni inarudi, unaisukuma kinyume kwa nguvu inayozidi tani moja. Hiyo ni silinda moja, nazo ziko nne. Hakuna dereva angekubali kupanda mlima na tani nne zikimrudisha nyuma, lakini dohani iliyokaa vibaya humfanyia hivyo kila mzunguko wa gurudumu.

Presha hiyo hubaki kwa sababu mvuke una kazi ya pili. Ukitoka kwenye silinda hupita kwenye pua iliyo ndani ya chumba cha moshi, ukaruka kuingia kwenye dohani, na katika kuruka huko huburuta gesi za moto kutoka kwenye tanuri kupitia mirija ya boila. Pua ikiwa nyembamba, mvuto unakuwa mkali na moto unanguruma, ila silinda inasongwa. Pua ikiwa pana, silinda inapumua lakini moto unalala. Zamani, madereva wa nchi nyingi walioona presha inashuka walifunga kipande cha chuma kukatiza mdomo wa pua. Presha ya boila ilipanda kweli, makaa yakatafunwa, na faida yote ikalipwa kwenye pistoni.

Waliotoka kwenye mtego huo hawakupanua wala kubana pua, waliigawa. Adolph Giesl-Gieslingen wa Austria alipanga pua ndogo kadhaa kwenye mstari mmoja chini ya dohani bapa. Reli za Afrika Mashariki zilikifunga kifaa chake, na aliyefika makumbusho ya reli ya Nairobi ameiona dohani hiyo juu ya injini namba 5918, iliyopewa jina la Mlima Gelai wa kwetu, kando ya Ziwa Natron. Kabla yake, mwaka 1929, André Chapelon wa Ufaransa aliifumua injini 3566 ya reli ya Paris-Orléans. Alipanua njia za mvuke, akaongeza joto la mvuke, akaweka mtoko (yaani pua na dohani kwa pamoja) wa Kylchap, jina lililotokana na lake na la Kylälä wa Finland. Nguvu ya injini ilipanda kwa karibu nusu. L. D. Porta wa Argentina aliendeleza kazi hiyo hadi akapata mtoko wa Lempor, na mwaka 1981 mhandisi David Wardale aliufunga kwenye injini 3450 ya Afrika Kusini, katika karakana ya Salt River, Cape Town. Hiyo ni injini ya reli ya milimita 1,067, upana uleule wa TAZARA. Katika majaribio ilitumia takribani asilimia 28 pungufu ya makaa na asilimia 30 pungufu ya maji kuliko wenzake wa daraja la 25NC, ambalo injini hiyo ilitoka. Ilikuwa na ila pia: magurudumu yaliteleza kwa urahisi, kwa kuwa nguvu iliongezeka na uzito juu ya magurudumu ya kuvuta haukuongezeka kwa kiasi hicho. Wanaotaka injini yetu ivute zaidi walikumbuke hilo.

Sasa kazi yetu. Pua yetu ni moja, ya kipenyo cha milimita 20. Eneo lake ni milimita za mraba 314 na mzingo wake ni milimita 63. Tukiweka pua nne za milimita 10 kila moja, eneo linabaki 314 lilelile, ila mzingo kwa jumla unafika milimita 126. Siri iko hapo. Mvuke hushika gesi kwa ngozi yake ya nje tu. Kiini cha mkondo hupanda dohani bila kubeba kitu. Ngozi ikiwa mara mbili, gesi nyingi zaidi zinabebwa kwa mvuke uleule na silinda haisongwi zaidi ya ilivyokuwa.

Pua hizo zikerezwe kwa shaba na zikatwe hesi ili zifunguke kwa spana. Tutengeneze seti tatu: milimita 9.5, 10 na 10.5. Nusu milimita inaonekana ndogo, lakini kwa pua nne hubadilisha eneo kwa karibu asilimia 10. Mdomo usiwe na vishungi, yaani ncha kali zinazobaki baada ya kukereza. Ukingo wenye vishungi hutawanya mkondo kabla haujafika kwenye dohani. Juu ya pua iwepo shingo iliyonyooka ambamo mvuke na gesi vichanganyike, kisha koni inayofunguka taratibu kuelekea juu. Pembe nzima ya koni isizidi nyuzi 10 hivi. Ikifunguliwa ghafla zaidi ya hapo, mkondo huachana na ukuta na dohani pana inafanya kazi kama dohani nyembamba.

Kuweka pua katikati ya dohani ni kazi ya timazi, ileile ya mwashi. Katizeni kijiti juu ya mdomo wa dohani, tafuteni katikati, teremsheni uzi, na ncha ya timazi ielekee katikati ya zile pua nne. Injini iwe imesimama juu ya reli iliyo levo, la sivyo timazi itawadanganya. Pua iliyopinda hujitambulisha yenyewe baada ya siku chache za kazi: upande mmoja wa dohani kwa ndani unakuwa msafi kama uliosuguliwa, na upande wa pili unajaa masizi.

Kabla ya kugusa chochote, tupime. Kipimo tunachohitaji hakiuzwi ghali. Ni mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha maji, ule mafundi ujenzi wanaotumia kupatia levo. Ukunjeni umbo la U, tieni maji nusu, ncha moja iwe wazi na nyingine iunganishwe na kibomba cha shaba kinachoingia kwenye chumba cha moshi. Mpira wa pili uingie kwenye tanuri, juu ya moto. Tofauti ya kimo cha maji kwa milimita ndiyo mvuto. Mvuto ukiwa mkubwa kwenye chumba cha moshi na mdogo kwenye tanuri, mirija imeziba masizi. Ukiwa mkubwa kote kuwili, hewa haipiti kwenye chanja, ule wavu wa chini ya moto: sinia ya majivu imejaa, au majivu yameyeyuka yakagandana. Ukiwa mdogo kote kuwili, ama mtoko ni dhaifu ama kuna hewa inaingia kwa "mlango wa nyuma", yaani kwa matundu ya chumba cha moshi.

Hewa ya mlango wa nyuma ndiyo adui anayepuuzwa zaidi. Moto ukiwaka na kipuliza (bomba la mvuke linalovuta moto injini ikiwa imesimama) kikiwa wazi, pitisheni mshumaa taratibu kuzunguka ukingo wa mlango wa chumba cha moshi, kwenye kitako cha dohani na mahali mabomba ya mvuke yanapopenya. Mwali ukivutwa ndani, pana tundu. Hewa hiyo haipiti kwenye moto hata kidogo, inapunguza mvuto bure, na ikikuta makaa yaliyorushwa mbele huyawasha humo humo hadi mlango ukapinda. Na mlango ukishapinda, tundu linakua.

Pua zisafishwe pia. Mafuta ya silinda huungua yakawa gaga gumu kwenye mdomo. Gaga la nusu milimita kuzunguka pua ya milimita 10 huifanya ya milimita 9, yaani asilimia 19 ya njia imekwenda. Ndiyo maana tumesisitiza pua ya kufunguka.

Baada ya mtoko ndipo zije njia za kuingilia. Bomba letu la mvuke lina kipenyo cha ndani cha milimita 12, eneo la milimita za mraba 113. Bomba la milimita 16 lina 201. Milimita nne tu, na njia inakaribia kuwa mara mbili. Kona kali ziondolewe. Palipo na elbo ya nyuzi 90, liwekwe bomba lenye mkunjo mpana.

Kuhusu valvu zinazoingiza na kutoa mvuke kwenye silinda, mwendo mrefu una faida ambayo Waingereza waliiona waziwazi mwaka 1925, reli mbili zilipobadilishana injini kwa majaribio na Gresley, mhandisi mkuu wa mojawapo, akalazimika kurekebisha mitambo ya valvu ya injini zake kubwa. Valvu yenye mwendo mrefu hufungua mlango wa kutosha hata dereva akikata mvuke mapema, kabla pistoni haijafika mwisho, hivyo mvuke unapata nafasi ya kutanuka na kufanya kazi yake. Kwa injini yetu mabadiliko hayo yanamaanisha kukereza valvu upya, na kamati imeyaweka kando kwa mwaka huu.

Kinachowezekana sasa ni kujua kama valvu na ringi zinavuja. Breki ifungwe na magurudumu yawekewe kabari. Valvu ya silinda inayopimwa iwe katikati, koki za silinda ziwe wazi, kisha regyuleta, ile valvu ya dereva ya kufungulia mvuke, ifunguliwe kidogo. Mvuke ukitoka kwenye koki, valvu inavuja. Halafu sogezeni lever ya kubadili mwelekeo mbele ili upande mmoja tu wa pistoni upate mvuke. Ukitoka kwenye koki zote mbili, ringi za pistoni zimekwisha.

Mvuke uliopashwa joto zaidi ya ule wa kuchemka ni somo la mwaka mwingine, ila mjue thamani yake. Kwa presha kamili (ikihesabiwa pamoja na ya hewa) ya baa 16, kilo moja ya mvuke wa kawaida ina nafasi ya lita 124 hivi. Ukipashwa hadi nyuzi 400, kilo hiyohiyo inajaza lita 190. Mafuta ya silinda nayo lazima yabadilike, kwa sababu mepesi huungua kwenye joto hilo na ringi hukwama.

Maji yanatusumbua zaidi sisi wa pwani kuliko wenzetu wa bara. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi na chokaa, na boila huyavukiza maji ikaacha vyote ndani. Chokaa hujenga ukoko juu ya mirija, chumvi hula chuma na kuleta povu. Povu ndilo la hatari ya papo kwa papo: maji hupanda na mvuke hadi kwenye silinda, na kwa kuwa maji hayabanwi, pistoni huvunja kifuniko au hukunja fito yake. Kwa hiyo maji ya kisima yamepigwa marufuku kwenye injini yetu. Tutumie ya mvua kutoka kwenye tangi, na yakikosekana, ya bomba yaliyopimwa. Porta alitia soda ash, tanini na dawa ya kuzuia povu, na boila zake zilikaa safi. Soda ash ni ndugu wa magadi, lakini magadi ya sokoni yana chumvi na uchafu, msiyatie. Tanini ndiyo iliyomo kwenye magome ya mikoko ambayo zamani yalitoka Rufiji kwenda kwa watengeneza ngozi. Tutanunua iliyosafishwa, mikoko ibaki mahali pake. Tope limwagwe kwa koki ya chini kila siku ya kazi, presha ikiwa imeshuka.

Neno moja kuhusu mnaochangia vyuma chakavu: blanketi za boila za zamani nyingi zilikuwa na asbesto. Msizichane na msizilete karakanani. Sisi tutatumia sufi ya mawe.

Kazi itaanza na jaribio la maji baridi la boila, kwa baa 10.5, yaani mara moja na nusu ya presha ya kazi. Boila ijazwe hadi hewa yote itoke kwenye tundu la juu kabisa, ndipo pampu ya mkono ianze, na presha ikae dakika 30 mita ikiangaliwa. Hakuna ruhusa ya kutumia kompresa ya hewa kwa jaribio hili: maji yakipata ufa hutiririka na presha huanguka mara moja, lakini hewa iliyobanwa hulipuka. Wanaokuja waje na viatu vigumu na miwani ya kazi. Tunahitaji pia mita ya pili ya presha iliyopimwa karibuni, ili ile ya kwanza isiachwe kujihukumu yenyewe. Aliye nayo amjulishe katibu kabla ya kikao kijacho.

Mwenyekiti