Barua ya wazi kwa Bwana Mkurugenzi: wale ambao tovuti yenu inawafukuza hamuwahesabu

Bwana Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi niko na sekretaria hapa commune ya Kenya, Lubumbashi, pembeni ya soko, kazi yangu ni fotokopi, kupiga chapa na kujazia watu fomu za intaneti. Nimeshakuandikia mara mbili kwa karatasi, barua zote mbili zilipigwa muhuri wa kupokelewa pale kwenu, jibu hakuna mpaka leo. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu wote.

Jumanne saa kumi jioni aliingia mama mmoja wa Katuba, anataka kuandikisha binti yake shule kwa fomu ya tovuti yenu, na ile ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Simu yake ni Android 6, toleo la zamani sana, kioo kimepasuka kwenye kona amekibandika skochi. Nikafungua tovuti yenu kwa simu yake, ikaja tu onyo kwamba muunganisho si salama, fomu haionekani. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kompyuta zangu mbili zimezima. Nikachukua simu yangu na mega zangu za intaneti, nikaanza kujaza, tukifika kwenye picha mtandao unakata, tunaanza upya, tena unakata, tunaanza upya, mpaka saa sita ya usiku fomu ikafungwa. Mama hakusema kitu. Alikunja buletini ya mtoto, ile karatasi ya alama za shule, akairudisha ndani ya mfuko, akaenda kutafuta usafiri usiku ule.

Bwana Mkurugenzi, kwenye mkutano na wazazi ulisema wewe mwenyewe, na mimi niliandika kwenye daftari, kwamba hesabu zenu zinaonyesha karibu kila anayeingia kwenye tovuti ana Android 10, kwa hiyo simu za zamani zimeisha mjini. Ukaahidi pia kwamba hakuna mtoto atakosa nafasi sababu ya simu ya mzazi. Uliahidi, tuko wengi tuliosikia.

Sasa hiyo hesabu naomba uiangalie vizuri. Brauza, ile programu ya kufungulia tovuti, ikifungua ukurasa inatuma mstari wa kujitambulisha, mimi ni Chrome, niko kwenye Android namba fulani, na sava, ile kompyuta inayobeba tovuti yenu, inauandika. Lakini tangu 2023 Chrome mpya za simu zote za Android zinajitaja Android 10, hata kama si kweli. Nimejaribu mwenyewe: simu yangu ni Android 8, inajitaja 10, ya mwanangu ni 13, nayo inajitaja 10. Kwenye kompyuta ni vilevile, Windows 11 inajitaja Windows 10. Kwa hiyo ile 10 yenu haituambii watu wa Lubumbashi wanashika simu gani.

Na kubaya zaidi ni kwa wale wa zamani. Nadhani shida ya yule mama ni cheti cha usalama cha tovuti, yaani kile kinachoonyesha simu kwamba tovuti ni ya kweli, maana kuna cheti kinachotumiwa na tovuti nyingi sana ambacho Android za chini ya 7.1.1 hazikijui, na njia ya kuzisaidia iliisha 2024. Simu ikikikataa cheti, mazungumzo yanakatika kabla hata ule mstari haujatumwa. Ni kama mgeni aliyerudishwa kwenye geti, jina lake halifiki kwenye daftari ya mapokezi, halafu jioni mnafungua daftari mnasema leo hakuna aliyerudishwa. Yule mama alijaribu mbele ya macho yangu zaidi ya mara kumi, na kwenu hayuko hata mara moja!

Mimi si mwinjinia, labda nimekosea kuhusu cheti, lakini simu niliishika kwa mkono wangu. Tuma mtu wako na simu tano za zamani aje akae hapa kwangu asubuhi moja tu, ataona foleni. Rekebisheni cheti, wekeni ukurasa mwepesi, pokeeni karatasi kwa wasioweza. Lakini kwanza fungueni fomu tena, Bwana Mkurugenzi, hata siku tatu, hata mbili, fungueni fomu.

Yule mama alisema atapita Ijumaa kuniuliza. Nakuomba kwa heshima zote, fungueni fomu kabla ya Ijumaa.

Mwenye sekretaria, karibu na soko ya Kenya, Lubumbashi