"Keen" ya msibani si kulia tu

Mhariri,

Safu yenu ya kujifunza Kiingereza juma lililopita ilisema kwamba kitenzi "keen" maana yake ni kulia kwa sauti kali, na kwamba kimezaliwa na "keen" ile ya makali ya kisu. Asili hiyo si ya kweli, na tafsiri nayo imepwaya.

"Keen" ya ukali na ya hamu, ile inayojaa kwenye matangazo ya kazi, inatokana na neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha jasiri. Wajerumani wanalo ndugu yake, "kühn". Ya msibani ni ya kuazima. Imetoka katika Kiairishi, "caoinim", yaani naomboleza, ikaingia katika Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 19. Kufanana kwao ni sadfa, kama kaa la moto na kaa wa pwani.

Waingereza walikuwa na vitenzi vya kilio tele. Nadhani waliazima kwa kuwa walichokikuta Ireland kilikuwa kazi yenye wenyewe. Maiti ililazwa nyumbani, watu wakakesha, na wanawake wenye kipaji wakaketi kando yake wakiyumbayumba. Mmoja alitunga beti papo hapo: alimwita marehemu kwa jina, akamsifia ukoo na ukarimu, akamlaumu kwa kuwaacha, kisha wenzake wakapokea kwa kilio. Wengine walilipwa, kwa fedha au kwa chakula, pombe na tumbaku. Maaskofu Wakatoliki waliipiga marufuku desturi hiyo tangu karne ya 17, na watu wakaendelea nayo vizazi na vizazi.

Mfano mashuhuri ni ombolezo la Eibhlín Dubh Ní Chonaill, mjane wa Ireland wa karne ya 18. Sheria za utawala wa Waingereza huko Ireland zilimruhusu Mprotestanti kumlazimisha Mkatoliki amuuzie farasi wake kwa pauni 5, hata awe bora namna gani. Mumewe, Art Ó Laoghaire, alikataa kumtoa farasi wake, akapigwa risasi Carriganima, katika kaunti ya Cork, Mei 1773. Katika ombolezo lake Eibhlín anasimulia jinsi farasi alivyorudi peke yake na damu juu ya tandiko, naye akampanda na kukimbia hadi alipolala mumewe, akainywa damu yake kwa viganja. Halafu wifi yake anadakia na kumsuta kwamba alikwenda kulala wakati wenzake wanakesha. Naye hakunyamaza: alikwenda kuwabembeleza watoto, anajibu, wala usingizi haukumpata. Beti hizo zilihifadhiwa vichwani mwa watu kabla ya kuandikwa. Sasa mtu aniambie huko ni "kulia kwa sauti kali"!

Na neno tunalo. Mwanafunzi yeyote wa Fasihi Simulizi hapa Kenya anaijua mbolezi, wimbo wa kuombolezea wafu. "Kuimba mbolezi" kungetufikisha karibu zaidi.

Kweli, leo Waingereza hulitumia neno hilo hata kwa upepo na mbwa, na hapo "kulia" yatosha. Lakini sentensi mliyotoa kama mfano ilihusu wanawake wa Ireland kando ya jeneza, na ndiyo ninayoomba mwisahihishe.

Mwalimu wa Kiswahili,
Nakuru