Antena ni foromali

Bakari sheikh wangu,

Vipi huko, shemeji na watoto hawajambo? Mi mzima, joto tu ndo linatumaliza. Juzi ulivyokuwa unabadilisha antena ya ile redio ya mzee ukaniuliza hili neno limetoka wapi, nikakujibu Kizungu hicho basi, sasa nimelifatilia na nimebaki nacheka peke yangu.

Bwana we, antena ni foromali! Foromali hii hii ya jahazi, ule mti unaobeba tanga, Warumi ndo waliuita antenna. Afu Wagiriki wao foromali na pembe walikuwa na neno moja, kwa hiyo Aristotle kaandika zake habari za pembe za wadudu, karne ya 15 anakuja msomi wa Kigiriki Theodorus Gaza kumtafsiri kwa Kilatini anaweka foromali, ndo mpaka leo panzi anatembea na foromali mbili kichwani. Waitaliano wakaliendeleza, hata nguzo ya hema kwao antenna, na Marconi, yule mwanzilishi wa redio, si Mwitaliano, mwaka 1895 akawa anatundika waya wake wa redio juu ya nguzo, jina likahamia kwenye waya. Kwa hiyo we na marehemu babu yako nahodha mmeshika mti mmoja.

Transista nayo, tunavyosema "lete transista" tukimaanisha redio nzima, kumbe ni kale kadude ka miguu mitatu tu. Bell Labs, maabara ya Marekani kalikotoka, mwaka 1948 walipigiana kura kukapa jina, kulikuwa na pendekezo la iotatron (fikiria mteja anakuletea iotatron ya betri nne), likashinda hili la transista la mwenzao John Pierce, alilolipa mkia uleule wa ndugu zake varista na thamista, vipuri vingine vya umeme.

Ila linaloniudhi ni letu wenyewe, masafa. Masafa si umbali? Masafa mafupi sawa, wimbi lenyewe fupi, mita 31, mita 25, japo ndo hilo hilo linalotoka Ulaya likafika kwetu. Sasa mtangazaji wa FM akisema masafa ya 88.9 anahesabu wimbi linatikisika mara milioni 88.9 kwa sekunde, umbali uko wapi hapo?

Ukija Idi niletee kamba ya kuvutia mshale wa steshini kwenye redio, yangu imekatika, mwezi wa pili huu nasikiliza steshini moja.

Wako,
Saidi