Barua ya malalamiko: waya wa USB usio na data, waya wa pili uliokataliwa na Windows, na Windows iliyofutwa bure

Kigamboni,
Dar es Salaam.
3 Februari 2025

Meneja,
Duka la Vifaa vya Elektroniki,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU NYAYA MBILI ZA USB NA KAZI YA KUPIGA WINDOWS UPYA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia kwa sababu nimeelekezwa kufanya hivyo na kompyuta yangu. Nikichomeka waya wa pili mlioniuzia, kwenye orodha ya vifaa ya Windows panatokea pembetatu ya njano, na mahali pa jina la kifaa pameandikwa kwamba PL2303HXA, yaani chipu iliyomo kwenye waya huo, imesitishwa tangu 2012, wasiliana na aliyekuuzia. Aliyeniuzia ni nyinyi.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari huku Kigamboni. Jumamosi ya tarehe 11 Januari nilivuka na kivuko hadi Magogoni, nikapanda daladala hadi kwenu, nikanunua Raspberry Pi Zero 2 W, ile kompyuta ya bodi moja ambayo ni ndogo kuliko kadi ya NIDA. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu wanataka kupima kina cha maji kwenye simtanki la shule, maana sasa hivi kazi hiyo hufanywa na mlinzi kwa kupanda juu na kugonga kwa fimbo. Bodi nililipia Sh 95,000, memori kadi Sh 25,000, na waya wa USB Sh 8,000. Nilimuuliza kijana wenu wa kaunta mara mbili kama waya ule unapitisha data. Akanijibu, "Huo unapiga kazi zote, madam, chaji na data."

Shuleni hatuna skrini ya kuchomeka kwenye tundu dogo la HDMI la bodi ile, kwa hiyo nilipanga kuiendesha kupitia laptopu kwa USB. Bodi ina matundu mawili ya USB yanayofanana kama mapacha: moja ni la umeme peke yake, jingine lina umeme na data. Nililitumia hilo la pili. Kabla ya hapo nilikuwa nimeongeza "dtoverlay=dwc2" kwenye faili la config.txt na "modules-load=dwc2,g_ether" kwenye cmdline.txt, ili bodi ijitambulishe kwa laptopu kama kadi ya mtandao. Nikachomeka. Taa ya kijani ikakonyeza vizuri, bodi ikawaka, lakini laptopu ikabaki kimya. Hata ule mlio wa kifaa kupokewa haukusikika.

Nikapiga simu dukani. "Hiyo ni draiva tu, madam." Basi nikaanza kutafuta draiva, yaani programu ya kuiwezesha Windows kuongea na kifaa. Jioni mbili nimeunguza bando kwa kupakua vitu ambavyo hata majina yake siyakumbuki, hadi mwenzangu anayefundisha fizikia akaniambia nijaribu waya wa simu yake. Laptopu ikalia mlio wake mara moja. Nikachukua kisu, nikauchuna ule waya wenu katikati. Waya wa USB wa kawaida una nyuzi nne ndani yake: nyekundu ya volti 5, nyeusi ya ardhi, na nyeupe na kijani za data. Wa kwenu ulikuwa na nyekundu na nyeusi, basi. Ni waya wa kuchaji simu. Hakuna draiva duniani ya kupitisha data kwenye uzi ambao haumo.

Nikubali la kwangu hapa. Kwa waya wa mwenzangu, Windows iliipokea bodi lakini ikaiita kifaa cha COM3, jina la Windows la mlango wa siriali, yaani wa kutuma data biti moja moja, badala ya kadi ya mtandao. Hilo halikuwahusu nyinyi hata kidogo. Ni tabia ya Windows 10 inayojulikana kwa wanaotumia bodi hizi, na nilikuja kulimaliza mwenyewe, nitaeleza mbele. Lakini siku ile nilikuwa nimechoka, na tarehe 18 niliporudi dukani kubadilisha waya niliwauliza mnanishauri nini.

Waya hamkuubadilisha. Mlinionyesha karatasi iliyobandikwa juu ya kaunta, "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi," na mkaniambia tena kwamba nimeuharibu kwa kuukata. Ni kweli nimeukata, ila bila kuukata nisingejua mliniuzia nini. Halafu kijana wenu akanishawishi niachane na habari za kadi ya mtandao, ninunue waya wa USB kwenda TTL, ule wenye vichwa vinne vya kuchomeka kwenye pini za bodi, niingie kwa njia ya siriali. "Huu hauna usumbufu." Sh 28,000. Kwenye pakiti yake pamechapishwa Windows 10 na Windows 11, na picha ya pakiti hiyo naiambatanisha.

Kijana huyo alinichorea pia jinsi ya kuunganisha: nyaya zote nne, nyekundu ikiwemo. Namwomba asimchoree mteja mwingine hivyo. Waya mwekundu unaleta volti 5 kutoka kwenye laptopu. Kama bodi tayari inapata umeme wake kwenye tundu la USB, unakuwa umeunganisha vyanzo viwili vya umeme bila sababu. Mimi niliuacha ukining'inia, nikachomeka mweusi kwenye pini ya 6, mweupe ya 8, kijani ya 10, nikaandika "enable_uart=1" kwenye config.txt ili kuwasha siriali ya bodi. Mwanafunzi asiyejua angefuata mchoro wenu, na pini za data za bodi ile zinataka volti 3.3 tu, kidole kikiteleza pini moja pembeni, Sh 95,000 imekwenda.

Nilipochomeka ndipo yakatokea yale maneno ya 2012. Nikayapiga picha nikawatumia kwa WhatsApp. Jibu likaja baada ya dakika tano: Windows yangu ni mbovu, niilete ipigwe upya, Sh 20,000.

Sehemu hii ndiyo inayoniuma kuliko nyingine zote. Tarehe 25 nilivuka tena na laptopu mkobani. Fundi wenu wa ghorofani aliniuliza kama kuna kitu cha muhimu ndani, nikamwambia kila kitu kilichopo kwenye ukurasa wa mbele na kwenye folda ya nyaraka. Akasema atahamisha vyote kwenye diski yake kisha atavirudisha. Nilikaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu. Nilipofika nyumbani nikakuta Windows mpya inang'aa, picha zangu za harusi ya mdogo wangu zipo, lakini folda ya nyaraka ni tupu. Humo mlikuwa na azimio la kazi la mwaka mzima kwa vidato viwili, maandalio ya masomo, na maswali ya mitihani niliyoyatunga kwa miaka minne. Nikachomeka waya wenu. Pembetatu ya njano, maneno yale yale, 2012 ile ile.

Ningependa fundi wenu aelewe kwa nini haikuwezekana iwe vinginevyo, kwa sababu naona dukani kwenu neno draiva limekuwa kama neno malaria kwa daktari mvivu. Kichwa cha waya ule kina chipu inayotafsiri lugha ya USB kuwa lugha ya siriali. Chipu za aina ya PL2303 zilibuniwa Taiwan na Prolific. Toleo la HXA ni la zamani na lilighushiwa sana, na mtengenezaji akaacha kulihudumia. Draiva zake za sasa za Windows zikikutana na chipu inayojitambulisha hivyo, iwe halisi ya zamani au ya kughushi, zinagoma na kuandika ujumbe ule. Windows ikipigwa upya inashusha draiva hiyo hiyo mpya, nayo inagoma vile vile. Kwa maneno mengine, draiva ilikuwa nzima na ilikuwa inafanya kazi yake. Ilichokuwa inakataa ni bidhaa yenu.

Na sikuishia kwenye kusoma. Niliwasha laptopu ile ile kwa Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kutoka kwenye flashi, bila kugusa Windows. Amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB, ikaonyesha 067b:2303, namba ya utambulisho ya chipu ya PL2303, kifaa kikatokea kama mlango wa siriali wa ttyUSB0, nikafungua kwa kasi ya 115200, na bodi ikaniuliza jina la mtumiaji. Laptopu ilikuwa nzima, bodi nzima, pini nilizopanga ni sahihi. Jaribio hilo lilinichukua dakika kumi na tano na halikufuta faili hata moja. Lingeweza kufanyika kwenye meza ya fundi wenu kabla hajapokea hela yangu.

Mtasema basi waya unafanya kazi, nitumie Ubuntu. Laptopu za shule zote ni Windows, na pakiti yenu imeandikwa Windows. Wapo pia wanaoshauri kuweka draiva ya zamani kwa mkono, lakini Windows ikijisasisha inarudisha mpya, nawe unaanza upya. Nililipia waya, sikulipia mchezo wa paka na panya. Zipo nyaya za kazi hiyo hiyo zenye chipu ya CP2102 au CH340 ambazo Windows haizigombezi, na nimeziona maduka ya mtaa wa pili kutoka kwenu.

Wala jambo hili si geni kiasi cha kumshangaza mtu wa biashara ya nyaya. Mwaka 2014 draiva ya chipu za FTDI, kampuni nyingine ya chipu za namna hii, ilisambazwa kupitia masasisho ya Windows, ikawa inabadilisha namba ya utambulisho ya chipu za kughushi kuwa sifuri. Nyaya za watu zikawa hazitambuliki tena, kelele zikawa nyingi, na draiva hiyo ikaondolewa. Walioumia walikuwa wanunuzi ambao hawakujua kilichomo ndani ya plastiki. Anayeagiza mzigo ndiye mwenye nafasi ya kujua.

Kuhusu lile la COM3 nililoahidi kulieleza: usiku wa tarehe 26, kwa hasira, nilifungua orodha ya vifaa, nikaichagua ile COM3, nikakataa draiva iliyopendekezwa na Windows, nikachagua kwa mkono ile ya mtandao ya RNDIS ambayo tayari imo ndani ya Windows. COM3 ikapotea, kadi ya mtandao ikatokea, nikaingia kwenye bodi. Dakika kumi, shilingi sifuri. Nawaambia hili mlijue, kwa sababu bila shaka kuna mteja mwingine atakayekuja na shida hiyo, na mkimuuzia waya wa Sh 28,000 mtakuwa mmemwonea kama mlivyonionea mimi.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie Sh 8,000 ya waya wa kwanza, Sh 28,000 ya waya wa pili na Sh 20,000 ya kupiga Windows, jumla Sh 56,000. Bodi na memori kadi ni nzima, sina neno nazo. Mnipe risiti ya EFD kwa nilivyonunua, maana nilichopewa ni kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu. Na kabla ya yote hayo, leo hii mkiweza, mumwulize fundi aiangalie diski aliyohamishia mafaili yangu. Kama hajaifuta, huenda ile folda bado imo. Nikiipata hiyo, mazungumzo yetu mengine yatakuwa mepesi sana.

Ile karatasi yenu ya kaunta haifuti sheria. Bidhaa inayouzwa kwa maelezo fulani inatakiwa ilingane na maelezo hayo, na mimi niliambiwa "chaji na data" kwa mdomo na "Windows 11" kwa maandishi. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka nakala pamoja na nyaya zenyewe Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na kushughulikia bidhaa bandia.

Yule kijana wa kaunta msimfukuze. Ana heshima, na nadhani anarudia alichoambiwa. Mwekeeni laptopu moja kuukuu pale mezani, kila waya unaotoka uchomekwe mbele ya mteja, mlio usikike. Pia akiona mwanamke anauliza swali la pili kuhusu data, amjibu swali lenyewe.

Nitafika mwenyewe Jumamosi ya tarehe 8, asubuhi, kama kivuko hakitakuwa na foleni.

Wenu,

Mteja (jina, sahihi na namba ya simu vimo kwenye nakala niliyoileta kwa mkono)

Viambatanisho: picha ya skrini yenye ujumbe wa 2012, picha ya pakiti, risiti ya kalamu, mchoro wa kijana wenu wa nyaya nne, vipande viwili vya waya wa kwanza, vimechunwa ili nyuzi zionekane.