Mwanangu, usiwakimbize kwenye sura ya mwisho

Mwanangu mpendwa,

Meseji yako kuhusu kile kikundi chenu cha vitabu, jinsi mlivyobishana juu ya mjane wa kwenye ile riwaya na wewe ndiye utaongoza kikao, nimeisoma, ila nikaona siwezi kukujibu bila kuisoma riwaya yenyewe, kwa hiyo nimeisoma yote mpaka mwisho na sasa naweza kuongea.

Naelewa kwa nini mmebishana hivyo. Yule mjane anafiwa na mume, anaacha kwaya, anaacha kusali, anamwambia mchungaji usoni kabisa kwamba Mungu alikuwepo, aliona, na hakufanya kitu, halafu wenzenu wanasema basi huyo mama imani hakuwa nayo tangu mwanzo. Hapo mi nakataa. Mtu asiye na imani hana wa kumgombeza, huyu mama kila akikasirika anamkasirikia Mungu, anamuita kwa jina, sasa hayo si maombi ni nini jamani?

Waambie wafungue Yohana 11. Lazaro amekufa, Yesu kachelewa, Martha, dada yake Lazaro, anamfuata njiani anamwambia Bwana kama ungalikuwapo hapa ndugu yangu hangalikufa. Baadaye anakuja Mariamu, dada mwingine wa Lazaro, anaanguka miguuni pake na anasema maneno yale yale. Lawama ni ile ile ila majibu hayafanani: Martha anaambiwa habari ya ufufuo na uzima, Mariamu haambiwi fundisho lolote, Yesu analia naye tu. Na alikuwa anajua kabisa kwamba muda si mrefu anamtoa Lazaro kaburini! Mimi kila nikifika pale nasimama, maana kama kuna mtu angeweza kusema nyamazeni mambo yatakuwa sawa ni yeye, na hakusema hivyo, alilia kwanza. Ndiyo maana baba ako alipotutoka, wale waliokuwa wananiambia usilie sana utamkufuru Mungu nilikuwa nawaacha waongee wamalize, na lile andiko la Wathesalonike walikuwa wanalinukuu nusu, Paulo anasema tusihuzunike kama wengine wasio na matumaini, hajasema tusihuzunike.

Kuhusu yule dada aliyefiwa na mtoto ambaye tangu muanze kitabu hiki hajafungua mdomo, hapo naomba uwe makini sana mama. Asitokee mtu wa kumwambia Mungu atakupa mwingine. Mwisho wa kitabu cha Ayubu, yule aliyepoteza mali na watoto wote, watu wanaupenda wanasema alirudishiwa maradufu, na kweli kondoo 7,000 wakawa 14,000, ngamia 3,000 wakawa 6,000, lakini watoto walikuwa 10 na akapata 10 wengine, idadi ile ile, hao hawakuongezwa mara mbili. Kuna wanaosema ni kwa sababu wale wa kwanza bado walikuwa wake, hawakupotea kama mifugo, na mimi nakubaliana nao. Na wale rafiki zake walikaa naye chini siku 7 usiku na mchana bila kusema neno, hapo walifanya vizuri kweli, walipoanza kuongea ndipo wakaharibu, na mwishoni Mungu akawakasirikia wao na si Ayubu aliyekuwa analalamika.

Sasa riwaya yenyewe, mi naona sura ya mwisho imeharakishwa. Mama wa watu kabeba uchungu kitabu kizima, halafu kurasa chache tu karudi kwaya na anaimba kama hakuna kilichotokea. Nzuri kuliko zote ni ile sura ya katikati anapoendelea kupanga viatu vya mume wake mlangoni kila jioni, na mwandishi hatoi maelezo wala andiko, anamuacha apange tu. Hata Biblia ina Zaburi ya 88 ambayo inaanza kwa kilio na inaishia gizani, hamna mstari wa kushukuru pale mwisho kama zile nyingine, na bado imo na watu wanaisali.

Kwa hiyo ukiongoza kikao usianze na lile swali la tumejifunza nini, maana ukianza nalo kila mtu atakimbilia sura ya mwisho na yule dada atazidi kujifungia. Uliza ni wapi ulifunga kitabu ukashindwa kuendelea. Halafu nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu usikijaze wewe, na yule anayependa kufunga kila mjadala kwa mahubiri mwombe mapema, mkiwa wawili, asubiri wengine waongee kwanza. Yule dada asipoongea muache. Ila kikao kikiisha toka naye, usimuulize kuhusu kitabu, muulize mtoto wake alikuwa anaitwa nani na alikuwa anapenda nini, mimi watu wanaoniuliza habari za baba ako nawapenda mpaka leo.

Kitabu changu nimekiandikaandika pembeni kwa penseli, nitakutumia kabla ya kikao chenu, angalia zaidi ile sura ya viatu.

Mama ako